Boma la Kale na Ndugu Zake wa Mikoani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuwa nikitembeza watu katikati ya mji wa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa sasa, wengi wao wenyeji, si watalii. Maswali ni yale yale. Mengine huulizwa njiani, mengine usiku kwenye simu na mtu aliyerudi nyumbani akakaa akafikiri. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Baadhi ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu, ukichoka ruka.

Boma la Kale ndilo lipi? Mimi napita Posta kila siku na sijawahi kuliona.

Umeliona, ila hukuliangalia. Ukishuka kwenye boti ya Zanzibar, ukapita kwa wapagazi na madalali wa tiketi, ukavuka Sokoine Drive, lile jengo jeupe la kuta nene kwenye kona ya Barabara ya Morogoro ndilo lenyewe. Wengine huliita Boma la Zamani, na vijana wengi wanasema tu Old Boma. Halmashauri ya Jiji ni jirani yake.

Angalizo kwa wanaokuja kwa maelekezo ya simu: ukimwambia dereva wa bodaboda "kwenye boti", atakuuliza boti au pantoni. Pantoni ni ya Kigamboni, kule mbele Magogoni. Boma linatazama boti za Zanzibar. Nimeshasubiri kundi zima nusu saa, wao wakinisubiri mimi kwenye foleni ya pantoni.

Si lilijengwa na Wajerumani?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalosahihisha kuliko yote, na jina la jengo ndilo linalolisababisha. Lilijengwa na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar mwaka 1866 na 1867, wakati Mjerumani hajatia mguu hapa kama mtawala. Majid alikuwa ameipenda bandari hii iliyojificha, karibu na kijiji cha Mzizima, akataka kujenga mji wake upande wa bara. Jumba lake la kifalme lilikuwa hapo jirani, na hili lilikuwa la kufikia wageni. Kwa lugha ya leo ni gesti ya Sultani. Mwaka 1867 aliwaandalia karamu makonsuli wa Ulaya na Marekani katika mji huu uliokuwa bado unanuka chokaa mbichi.

Majid alifariki 1870. Mdogo wake Barghash aliyerithi kiti hakuwa na hamu na Dar, moyo wake ulikuwa Unguja. Mji ukalala karibu miaka kumi na saba, watu wachache, majumba yakiota majani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikaja kuweka kituo 1887, na mwaka 1891 serikali ya kikoloni ikahamisha makao yake kutoka Bagamoyo kuja Dar. Wakahitaji ofisi, wakakuta nyumba ya mawe imesimama. Ndipo gesti ikageuka boma.

Kwa hiyo mtu akikuambia "boma la Mjerumani" mwambie kwa upole: Mjerumani alikuwa mpangaji. Baada ya 1916 akaja mpangaji mwingine, Mwingereza.

Nimesoma kwamba BOMA ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, eti idara fulani ya utawala wa ng'ambo. Ni kweli?

Si kweli, na naomba usimtumie mtu mwingine ujumbe huo. Ni uzushi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp na hata kwa baadhi ya waongozaji wenzangu wenye vitambulisho shingoni. Boma ni neno letu. Ni ua wa miiba au magogo wa kuzungushia ng'ombe, au wa kujikinga na adui. Wasafiri wa Kizungu waliopita bara miaka ya 1870 waliliandika katika shajara zao, na wakati huo Mwingereza hakuwa na ofisi hata moja Tanganyika. Mjerumani alipojenga ngome zake, watu waliziita kwa jina walilokuwa nalo tayari: pahali palipozungushiwa, penye mwenye nguvu ndani. Baadaye likabaki kuwa jina la makao ya wilaya. Mpaka leo mzee wa kijijini akikuambia "nakwenda bomani" ana shughuli na serikali, hana shughuli na ng'ombe.

Sasa hivi ndani kuna nini?

Tangu katikati ya miaka ya 2010 humo kuna kituo cha urithi wa majengo cha Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi chake, DARCH. Ulikuwa mradi wa wadau kadhaa, wakiwemo wasanifu majengo wa hapa nchini, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Maonyesho yake ni historia ya mji kwa njia ya majengo: ulivyoanza ufukweni, ulivyogawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na ulivyokuja kupanda maghorofa.

Ukienda ukitarajia mikuki, vibuyu na sanamu za watu wa kale waliovaa magome, utatoka umenuna. Vitu ni vichache. Mimi nasema hivi kwa kila kundi kabla hatujaingia: kifaa cha kwanza cha makumbusho haya ni ukuta, cha pili ni mlango, cha tatu ni dari. Mabango yaliyobandikwa ni ya kukusaidia kuvisoma hivyo vitatu. Anayesoma mabango tu amesoma jalada.

Kuna nini cha kuangalia kwenye dari?

Inua uso uhesabu boriti. Ni miti ya mikoko, ambayo kwa pwani yetu ilitoka sana delta ya Rufiji, ikapakiwa jahazini ikauzwa huku na kule mpaka Uarabuni. Mkoko ni mgumu na mchwa hauupendi, lakini haurefuki ukabaki mnyoofu upendavyo. Boriti inayofaa kubeba sakafu ina mita 2.5 au 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu, Unguja, Kilwa hadi hapa, ni virefu na vyembamba kama behewa. Unaweza kurefusha chumba utakavyo. Kukipanua huwezi, mti umekataa. Sultani aliyekuwa na mashamba ya karafuu na majahazi baharini alilala kwenye chumba chenye upana ule ule wa mfanyabiashara wa kawaida, kwa sababu wote wawili walinunua boriti kwenye delta ile ile.

Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha zege la chokaa linalotwangwa kwa mbao siku nyingi mpaka linakuwa gumu. Sakafu ya namna hiyo ni nzito sana. Ukigeuza nyumba hiyo ofisi ukajaza makabati ya chuma yenye mafaili ya miaka arobaini, boriti zinalia. Ukiigeuza makumbusho, swali la kwanza la mhandisi ni watu wangapi watasimama juu kwa wakati mmoja, kabla hajauliza utaonyesha nini.

Na kuta? Mbona mnasema zisipigwe saruji? Saruji si ndiyo imara?

Hili nitalijibu kwa kisa cha nyumbani.

Familia ya mama yangu ina nyumba ya mawe Bagamoyo. Kuta zake ni za matumbawe, zile za bahari zilizokufa zikawa jiwe, zimeshikwa kwa udongo na chokaa. Lipu ya chokaa ilikuwa imechakaa, inadondoka unga. Wajomba wakachanga, wakaleta fundi. Fundi akaibandua chokaa yote, akapiga plasta ya saruji laini kama yai, akapaka rangi ya mafuta ya kijani. Tukampongeza. Mwaka wa kwanza nyumba ilipendeza mpaka majirani wakaja kuuliza bei.

Masika ya pili ikaanza kuvimba. Ukigonga ukuta kwa kidole unasikia uwazi, kama kugonga nazi iliyokauka. Halafu usiku mmoja kikaanguka kipande kikubwa kama mlango, chote mara moja. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa chapachapa, na juu ya jiwe kulikuwa na kitu cheupe kama pamba. Niliweka ulimini: chumvi.

Tumbawe limeishi baharini, lina chumvi tangu asili, na lina vitundu kama sponji. Unyevu hupanda kutoka ardhini kila mwaka. Chokaa inapumua, inauachia unyevu utoke taratibu, na ikichakaa unapaka nyingine; ndiyo kazi yake, kuumia badala ya jiwe. Saruji haipumui. Maji yanakwama nyuma yake, chumvi inaganda, inatanuka, inasukuma. Kinachoharibika hapo ni jiwe lenyewe.

Kuta za Boma ni za aina hiyo hiyo. Ndiyo maana kila ukarabati wa nyumba hizi huanza na kazi ambayo haina picha nzuri ya gazeti: kubandua saruji ambayo mtu mwingine aliiweka kwa nia njema. Na chokaa ya asili ina taabu yake. Zamani walipanga biwi la magogo, wakaweka matumbawe juu, wakachoma, kisha wakamwagia maji na kuiacha ilale kwa muda mrefu. Leo mafundi wanaojua kuipika na kuipiga ni wachache, na kijana anayejifunza kazi hiyo huulizwa na wenzake kwa nini asiende kwenye tofali na nondo kwenye pesa.

Kuhusu kugusa: ndiyo, unaweza kugusa ukuta kwa kiganja. Ukibaki na unga mweupe mkononi, furahi, hiyo ni chokaa. Usikwaruze kwa ufunguo.

Mlango una thamani gani? Unguja si ipo mingi?

Mlango wa nakshi usomwe kwa utulivu. Una miimo miwili pembeni, kizingiti juu, na mbao mbili zinazofunguka, katikati yake kuna mfaa, ule ubao mwembamba uliochongwa unaofunika pale mbao zinapokutana. Mara nyingi mfaa ndio uliobeba mkono bora wa fundi. Angalia chini kwenye miimo ndipo uende juu, kwa sababu mchoro huanzia chini na kupanda.

Kisha angalia kizingiti cha chini, pale penye kukanyagwa. Mbao imeliwa katikati ikawa na bonde. Siwezi kukuambia miguu ya nani. Lakini nyumba hizi zimepitiwa na wageni wa Sultani, makarani, askari, na watu waliokuja kudaiwa kodi.

Sheria inalilinda jengo hili?

Hapa pana jambo ambalo wengi hulisikia mara ya kwanza. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Inasema jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 ni la kale na linalindwa. Sasa piga hesabu. Majid alijenga 1866 na 1867. Mji wote wa mawe wa Dar es Salaam umezaliwa upande usiofaa wa mstari huo, kwa miaka mitatu tu! Magofu ya Kunduchi na Kaole yanaingia yenyewe. Boma, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Azania Front, Hospitali ya Ocean Road ya 1897, yote hayaingii mpaka waziri ayatangaze kwa tangazo la serikali.

Ndiyo maana maghorofa ya kioo yameweza kuota juu ya nyumba za kale za Samora na Mtaa wa India. Boma lenyewe liliponea chupuchupu mwishoni mwa miaka ya 1970, lilipokuwa kwenye hatari ya kubomolewa. Maoni yangu, na nimeyasema kwenye mikutano mpaka watu wananikwepa: mwaka 1863 ulifaa kwa 1964, ulikuwa takribani miaka mia nyuma. Tarehe isingewekwa ikakaa. Ungewekwa umri wa jengo, ili kila mwaka majengo mengine yaingie.

Milango imebahatika zaidi. Sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo kama una mlango wa babu na kuna mtu amekuja na gari na bahasha, usimpe. Nenda kwanza Idara ya Mambo ya Kale uulize. Kuusafirisha nje ya nchi bila kibali ni kosa, hata kama ni mlango wenu wenyewe.

Mikoani nako kuna maboma yaliyogeuzwa makumbusho? Kwa nini Dar tuna moja tu tena dogo?

Mikoani wametutangulia kwa namna fulani.

Nenda Iringa. Pale mjini kuna boma lililojengwa na Wajerumani karibu mwaka 1914, likiwa hospitali. Mwingereza akalifanya ofisi, na serikali yetu ikaendelea nalo kama ofisi za wilaya. Mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Ninachokipenda Boma la Iringa ni kwamba linasimulia mkoa wake. Wahehe wamo, Wabena wamo, na maisha ya nyumbani yana nafasi sawa na vita. Watu hutegemea kukuta Mkwawa peke yake, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na hukuta pia vyungu vya kupikia.

Na kwa sababu swali linalofuata nalijua: hapana, fuvu la Mkwawa haliko hapo. Liko Kalenga, nje kidogo ya mji, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkwawa alikufa 1898. Hesabu mwenyewe miaka ambayo kichwa cha mtu kilikuwa safarini.

Arusha, boma la Wajerumani la mwaka 1900 limekuwa Makumbusho ya Elimu Viumbe tangu 1987, chini ya Makumbusho ya Taifa. Mikindani kule Mtwara wamekwenda njia nyingine: boma la 1895 lilikuwa linaporomoka, shirika moja la hisani la Kiingereza likalikarabati, sasa ni hoteli. Kuna wanaonung'unika kwamba boma si pa kulala watalii. Mimi sinung'uniki. Paa lina bati, madirisha yanafunguliwa asubuhi, mtu anafagia. Boma la Bagamoyo la 1897 liko karibu zaidi nasi na limeteseka zaidi, kalione.

Kuhusu Dar kuwa na dogo: Dar ina Makumbusho ya Taifa yenyewe, pale Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Na ina Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, tangu miaka ya 1960. Hiyo ndiyo mikoa yote kwenye kiwanja kimoja. Watu wangapi wamepanda daladala ya "Makumbusho, Makumbusho!" maisha yao yote, wameshuka stendi ya Makumbusho, wamenunua vitumbua Makumbusho, na hawajawahi kuingia makumbusho?

Kwa nini ofisi za serikali za zamani ndizo zinageuzwa? Si bora kujenga mpya?

Sababu ya kwanza haina uzuri wowote: ni mali ya serikali tayari. Hakuna kiwanja cha kununua, hakuna warithi thelathini wa kusainisha. Ya pili, ziko katikati ya mji, kwa sababu mtawala alijiwekea pazuri, kwenye kilima au mbele ya bahari. Ya tatu, kuta nene hutunza ubaridi, na kitu cha mbao au ngozi kinapenda joto lisilopanda na kushuka ovyo.

Lakini kuna shida ambazo hazionekani kwenye hotuba ya uzinduzi. Nyaya za umeme za miaka ya 1950. Choo kimoja, tena nyuma. Mlango mmoja wa kuingilia na kutokea, ambao zimamoto wakiuona wanatikisa kichwa. Mashine za kupozea hewa zilizoning'inizwa ukutani zinadondosha maji kwenye jiwe usiku na mchana. Na mchwa, ambao hawasomi tangazo la serikali.

Kuna shida nyingine pia. Bomani ndipo watu walipopigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Ndipo walipopanga foleni na kodi ya nyumba, na asiyekuwa nayo akabaki kufanya kazi ya shuruti. Niliwahi kuingia boma moja la mkoani na mzee aliyekuja na wajukuu. Akasimama kizingitini, akavua kofia, halafu akairudisha kichwani. Nikamwuliza, "Babu, vipi?" Akasema, "Baba yangu hapa alivua kofia kila alipoingia. Mimi leo nimelipa kiingilio." Akaingia nayo kichwani.

Makumbusho ambayo hayasemi chochote juu ya foleni hizo, yakabaki kusifia matao na ngazi, yamefanya nusu ya kazi.

Nina vitu vya bibi: kinu, kibuyu cha maziwa, kaniki. Makumbusho yatavichukua?

Inategemea, na mara nyingi kinachotegemewa si kitu bali maelezo yake. Kinu tu ni kinu. Kinu ambacho unajua kilichongwa na nani, kwa mti gani, kijiji gani, na bibi alikitumia kutwangia nini mpaka mwaka gani, hicho ni hazina. Kabla ya kubeba chochote kaa na daftari. Andika. Wapigie shangazi zako wawili, watakubishia, andika na ubishi.

Ukikubaliwa, hakikisha mnasaini hati ya makabidhiano. Isome. Iseme kama umetoa moja kwa moja au umeazima, kwa sababu baada ya miaka ishirini mkurugenzi atakuwa mwingine na binamu yako atakuja kudai. Kitu hupewa namba, huingizwa kwenye daftari la usajili, na namba hiyo huandikwa kwenye kitu chenyewe mahali pasipoonekana. Makumbusho yasiyokupa namba, rudi na kinu chako nyumbani.

Usikisafishe, tafadhali. Mama mmoja alisugua chungu cha mama mkwe wake kwa steeluli kikang'aa. Masizi ya miaka arobaini ndiyo yalikuwa historia, ameyamwaga karoni.

Fuvu la Zinjanthropus liko Boma?

Hapana. Fuvu hilo la zamadamu Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lina umri wa takribani miaka milioni 1.75, na linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa hapa Dar, si mbali na Boma kwa miguu. Unaweza kuunganisha vyote kwa asubuhi moja.

Na mjusi mkubwa wa Tendaguru?

Berlin. Dinosaria huyo alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bandarini. Amesimama kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Hakuna boma nchini ambalo dari yake ingemtosha, lakini hilo si jibu kwa wanaodai arudi, na silitumii hivyo.

Kiingilio ni bei gani?

Mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni, mwanafunzi kidogo zaidi. Bei hubadilika, ulizia mlangoni au upige simu kabla. Beba kitambulisho, mtu mwenye lafudhi ya nje na asiye na kitambulisho hukwama pale akibishana.

Naweza kuleta darasa zima?

Kwa Boma, igawe. Watoto sitini kwa pamoja kwenye vyumba vya behewa ni vurugu, na kumbuka habari ya boriti. Nusu wabaki nje wachore mlango, nusu waingie, kisha wabadilishane. Wanaochora hutulia kuliko wanaosikiliza, nimejaribu mara nyingi. Waje na penseli, si kalamu za wino.

Kiti cha magurudumu kinaingia?

Chini, kwa msaada wa mtu. Ghorofani, ngazi ni tatizo, kama ilivyo kwenye karibu nyumba zote za zama hizo. Piga simu mapema ili wajipange, na kama wewe ndiye kiongozi wa kundi usisubiri mtu afike mlangoni ndipo mgundue.

Picha?

Omba kwanza. Simu bila mwanga mara nyingi haina neno. Picha za harusi ni mazungumzo mengine na malipo mengine. Usimwegemeze bi harusi kwenye mlango wa nakshi, vumbi la miaka 150 halitoki kwenye shela.

Nifikeje, na saa ngapi?

Panda mwendokasi ya Kivukoni, shuka City Council au Posta ya Zamani, vyote ni mwendo wa dakika chache. Gari binafsi liache nyumbani, maegesho ya pale ni vita.

Njoo asubuhi mapema kabla jua halijachoma, au alasiri. Mchana boti ikifunga, abiria humwagika barabarani na mizigo ya madafu na magodoro, na huwezi kusikia hata unachosema. Ukiwa na dakika kumi za ziada, simama upande wa pili wa barabara, mgongo kwa bandari, ulitazame jengo kama mgeni wa Majid alivyoliona akitoka jahazini. Angalia magari kwanza.